Dole Gumba la Mzee Kinu

"Zima hiyo pasi, wewe! Umeme haudondoki kama mvua!"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya kila asubuhi nyumbani kwa Chiriku. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ya umeme. Jina la Chiriku alibandikwa na wenzake wa darasa la sita, maana msichana huyo hakujua kunyamaza wala kutulia. Ukimwona ameketi kimya, jua anaumwa.

Juma hilo hata mama hakutulia. Kampuni ya umeme ilitaka kupandisha bei kwa theluthi nzima. Ijumaa alasiri, bodi inayoamua bei ingekuja kwenye ukumbi wa mji kuwasikiliza wateja. Watu wa mtaa wakakubaliana kupeleka barua ya kupinga, yenye sahihi za wote.

"Bei hii ikipita, nafunga cherehani," mama alisema. "Nikifunga, tutakula nini?"

"Nipe mimi karatasi ya sahihi," Chiriku akadakia. "Mtaa huu naujua mpaka paka wake!"

"Haya. Mistari arobaini. Kila mtu atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Alhamisi baada ya masomo alikimbia mlango hadi mlango, akapata sahihi thelathini na moja. Zikabaki tisa. Wengine hawakuwapo. Mzee Kinu, mwenye mashine ya kusaga, alikuwapo, lakini foleni ilifika barabarani na mashine ilinguruma.

"Ngoja kidogo, mjukuu wangu!" mzee alipaza sauti.

Kungoja! Bora angeambiwa abebe gunia. Chiriku aliangalia foleni, akaangalia karatasi, mguu ukimchezacheza. "Kwani nani atakataa? Wote wanailalamikia bei hiyo hiyo," alijiambia. Akaketi kizingitini, akaijaza mistari tisa yeye mwenyewe, kila mmoja kwa mwandiko wake. Mzee Kinu alimpa sahihi nzuri kuliko zote, yenye mkia mrefu.

Ijumaa mchana mwalimu mstaafu, katibu wa mtaa, alikuja kuchukua karatasi.

"Bodi wamesema wataita majina kadhaa na kuwauliza wenyewe," alimwambia mama. "Sahihi moja ikiwa ya uongo, barua yote inatupwa." Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari. Kidole kikasimama. "Lo! Mzee Kinu kajifunza kuandika lini? Miaka ishirini namjua, huyu huweka dole gumba."

Cherehani ikanyamaza.

"Labda mwanawe kamsaidia," mama alisema.

Chiriku angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. Aliutazama mlango, akaitazama cherehani ya mama yake.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Wala si yeye peke yake. Wako tisa."

"Mungu wangu!" Mama alishika kichwa. "Unajua ungetuzamisha mtaa mzima?"

Mwalimu hakugomba. Alichukua rula, akayakata majina tisa moja moja, kisha akampa karatasi nyingine na kidau cha wino. "Una saa mbili. Kimbia, lakini ukifika, ngoja."

Akangoja. Alisimama kwenye foleni ya Mzee Kinu mpaka mashine ilipozimwa, akakiri yote.

"Kumbe nilishatia sahihi? Tena yenye mkia!" Mzee alicheka, kisha akaacha. "Mjukuu wangu, kwa kuwa sijui kusoma, watu wamenisemea maisha yangu yote. Hili nilitaka kulisema mwenyewe."

Chiriku akamfungulia kidau cha wino. Mzee akafuta unga mkononi, akachovya dole gumba, akalibandika karatasini.

Kati ya wale tisa walipatikana sita. Watatu hawakuonekana, wakaachwa.

Ukumbini, mwenyekiti wa bodi alipekua karatasi. Chiriku alikalia mikono yake.

"Dole gumba hili ni la nani?"

Mzee Kinu akasimama, nyusi nyeupe kwa unga, akainua dole lenye wino. "Langu. Mkinipandishia umeme, nitapandisha bei ya kusaga. Atakayeumia ni mama anayekuja na kikopo kimoja cha nafaka. Huyo mmemuuliza?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwezi uliofuata jibu la bodi lilifika: bei haipandi.

Chiriku aliruka mpaka akaangusha kiti. Mama akamshika bega.

"Sikiliza, mwanangu. Majina matatu yaliyokosekana hayakutudhuru. Moja la uongo lingetuzika. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo maana wewe mwenye haraka uliipenda. Siku nyingine, mtu akikwambia ngoja, ngoja. Huenda ana neno ambalo wewe huwezi kumsemea."

Kisha akaiwasha cherehani.