Emmah Atetea Ukweli Riyadh

Kila jioni, mama yake alipokuwa akipika, Emmah alisimama kando ya friji akafanya mazoezi ya kuhutubu. Waliishi katika mtaa wa Ruwais, mjini Jeddah. Mama yake, Serah, alikuwa muuguzi, na baba yake, Onesmus, alikuwa dereva wa basi la shule aliyosoma Emmah.

Wiki hiyo Emmah alikuwa na jambo kubwa. Yeye na mwenzake Hillary walikuwa wamechaguliwa kwenda Riyadh kushiriki mjadala wa shule za watoto wa wageni. Mada ilihusu ukame ulioleta njaa katika nchi kadhaa za Afrika: je, msaada wa chakula uendelee kupelekwa, au ukomeshwe? Wao walipangiwa kutetea kwamba ukomeshwe.

"Wanaopewa chakula hukaa kivulini wakingoja magunia," alisema Emmah kwa sauti ya juu. "Msaada umewafanya wavivu."

Serah alizima jiko. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Ni hoja tu, Mama. Waamuzi wanapenda hoja kali."

"Hebu keti." Serah naye akavuta kiti. "Ulipokuwa hujaanza kutembea, mvua ilikosa kwetu Mutomo, kule Kenya. Ng'ombe wetu wote walikufa. Tulichimba bwawa la kijiji, nawe nimekubeba mgongoni, na waliochimba walipewa unga wa msaada. Uji uliokunywa ulitoka kwenye magunia hayo. Mimi nilikaa kivulini?"

Emmah aliinamisha kichwa. Hakuwa amewahi kusikia habari hiyo.

"Sasa nitasema nini?" aliuliza baadaye. "Siruhusiwi kubadilisha upande."

"Upande wako pia una ukweli. Msimu uliofuata tulivuna vizuri, lakini magunia yakaendelea kuja. Mjomba wako Nehemiah akakosa wa kumuuzia mahindi. Nani atanunua, na cha bure kipo? Hilo nalo lilituumiza."

Kesho yake Emmah alimwambia Hillary kwamba ile hoja ya uvivu ameiondoa. Hillary alikasirika.

"Hiyo ndiyo silaha yetu. Bila hiyo tutashindwa."

"Basi tushindwe," alisema Emmah. "Siwezi kuwasingizia watu."

Siku ya mashindano ukumbi wa Riyadh ulijaa. Onesmus, aliyewaleta kwa basi, aliketi nyuma kabisa. Emmah alieleza jinsi mahindi ya bure yalivyomwachia mjomba wake mavuno yasiyo na mnunuzi. Watu walimsikiliza. Kisha Robinson, mvulana wa shule pinzani, akasimama.

"Mwenzetu anazungumza kana kwamba anaijua njaa," alisema. "Je, amewahi hata kumwona mtu aliyeponea chakula cha msaada?"

Baadhi ya wanafunzi walicheka. Emmah alihisi uso ukiwaka. Mbali na baba yake na Hillary, hakuna aliyemjua mle ukumbini; angeweza kulikwepa swali hilo kwa urahisi. Akasogelea kipaza sauti.

"Unamwona sasa," alisema. "Niliponea uji wa msaada nikiwa mtoto mchanga, huku mama yangu akichimba bwawa. Kwa hiyo sisemi watu waachwe wafe. Nasema msaada uje watu wanapouhitaji, na ukome wanapovuna, ili mkulima naye apate kuuza."

Kicheko kilikatika. Kisha mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Robinson mwenyewe.

Shule ya Emmah ilipata nafasi ya pili. Waamuzi walisema alikuwa amekubali sehemu ya hoja ya wapinzani, na kwa kanuni za mjadala timu yake ilipunguziwa alama. Hillary akamgeukia.

"Kama ungesema wavivu, swali lile lingetumaliza," alisema. "Ulifanya vyema."

Nje, Onesmus alikuwa akiwangoja mlangoni mwa basi. Alimshika binti yake begani.

"Leo nimejivunia kuwa baba yako," alimwambia. "Hoja ya uongo ingeweza kukupatia kombe, lakini ungekuwa umewatukana watu wako ili ulipate. Kusaidiwa wakati wa shida si aibu, mwanangu. Aibu ni kusaidiwa, ukashiba, kisha ukawacheka walio na njaa."