Mkato wa Mshazari

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida. Fundi cherehani alikwenda roshanini na maji, akachomeka kidole kwenye udongo wa kila ndoo ya waridi, kama marehemu mumewe alivyomfundisha. Udongo mkavu, mwagilia. Wenye unyevu, uache, mizizi isije ikaoza. Ndani, binti yake mdogo alikohoa huku akichezea vifungo.

Mawaridi yalipendeza. Yalipendeza mno. Jana tu aliona madoa meusi kwenye majani ya chini, akajiambia atayatoa akimaliza gauni la mteja. Sasa hayapo. Vitawi vyenye madoa vimekatwa kwa mshazari, juu kidogo ya jicho la kuchipulia, mkato umeinamia kushoto.

Marehemu alikuwa mashoto.

Mchana wifi yake alipita kuwasalimu. Wifi huyu alikuwa na ufunguo wa pili, na tangu msibani aliyataka maua ya kaka yake.

"Wifi, uliingia humu jana?"

"Niingie kufanya nini?"

"Kuna mtu anapogoa."

"Mimi? Mimi hata mchicha hunifia mkononi! Kama unanishuku uchawi, sema tu, angalau na mimi nipate sifa mtaani."

Wifi alicheka. Fundi hakucheka. Kabla jua halijazama alibadilisha kitasa.

Kulipokucha, vitawi vingine vilikuwa vimekatwa. Kitasa kizima. Mkasi wa marehemu ulining'inia msumarini pake, umelowa utomvu.

Akampigia wifi yake simu. Safari hii hakukuwa na kicheko.

"Wifi," ilinong'ona sauti upande wa pili, "unamjua kaka. Hakuvumilia kigonjwa kikae karibu na kizima. Alikikata, akaenda kukitupa mbali."

"Basi nayaondoa. Leo hii."

Alizishusha ndoo zote hadi uani, miiba ikimchana mikono. Roshani ikabaki tupu. Akashusha pumzi. Akajilaza kando ya binti yake aliyekuwa amechoka kukohoa, usingizi ukampitia.

Mlio ukamwamsha.

Kwachu.

Kimya. Mtoto amelala, kifua kinakwaruza. Msuko mmoja haupo. Umekatwa karibu na sikio. Kwa mshazari. Mkato umeinamia kushoto.

Aliutafuta msuko chini ya kitanda, ndani ya shuka, kila mahali. Hakuuona. Akakimbilia uani, akazirudisha ndoo zote roshanini, analia, anahema.

Tangu hapo hagusi jani lenye madoa. Jioni huyamwagia majani maji kwa juu, kusudi yalale yamelowa, yashike ugonjwa. Majirani wanamcheka: fundi hodari hivyo, waridi hajui kulitunza! Yeye huitikia kwa tabasamu. Mkono ule una kazi kwenye maua kila usiku. Mtoto amepona kikohozi, nywele zimeanza kuota.

Leo asubuhi amekagua ndoo zote, jani kwa jani. Hakuna doa hata moja.

Mkasi haupo msumarini.

Na huko ndani, mtoto ameanza kukohoa.