Reli ya Ngazi ya Nje

Kila asubuhi Leocadia aliponda ndizi za kuchemsha za watu watatu. Zamani aliponda za watu wanne.

Baba yake alianguka kwenye ngazi ya nje, ile ya kupandia juu ya paa la zege. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliteleza, akashika reli, na reli ikang'oka mkononi mwake, akaanguka hadi sakafu ya uwanja, akafa. Reli hiyo ilikuwa ikicheza muda mrefu. Kila mtu nyumbani alijua. Kila mtu alisema itatengenezwa.

Tangu hapo mama yake Leocadia, Bi Eneroliza, hakupanda tena. Njiwa aliowafuga marehemu walikuwa bado juu ya paa. Mama aliwasikia tu kutoka jikoni.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Jumamosi ndugu na majirani wangekuja kumwombea marehemu, kama ilivyo desturi.

"Siku hiyo nitapanda," mama alisema. "Nataka kumwombea pale kwenye njiwa wake. Mnitengenezee pa kushika."

Nelsido, kaka yake Leocadia, aliazima mashine ya kuchomelea, ile inayosukuma waya mwembamba yenyewe. Akanunua bomba la chuma chembamba, lililopakwa zinki. Kabla ya kuanza akanywa bilauri kubwa ya maziwa, kama wafanyavyo mafundi wengi wa mtaa ule.

"Maziwa yanakata sumu ya moshi," alisema.

"Lakini kaka, hata barakoa ya moshi huna."

"Wewe ponda ndizi zako."

Nelsido alichomelea bila kuinua mkono. Bomba likatoboka. Akajaza tundu, nalo likazidi kupanuka. Moshi mweupe ukajaa kwenye kona ya ngazi. Mwishowe akaziba matundu kwa puti, lipu ya kuzibia chuma, akapaka rangi ya fedha. Reli ikang'aa kama mpya.

Jioni akaanza kutetemeka. Homa ikampanda, kifua kikambana. Akalalamika kwamba mdomo una ladha ya chuma. Mama akakaa kando yake na rozari. Leocadia alijua anachowaza: ngazi hii haijashiba.

Asubuhi Leocadia alimwita Bi Zunilda, jirani anayetengeneza vyuma vya madirisha.

"Ulichoma zinki?" Bi Zunilda alimuuliza Nelsido.

"Ndiyo, lakini nilikunywa maziwa."

"Kwani moshi uliuvuta kwa tumbo?"

Nelsido alitaka kucheka, akaishia kukohoa.

"Maziwa hayafiki kwenye mapafu, mwanangu. Homa hii mara nyingi huisha yenyewe, lakini kifua kikibana ni lazima daktari akuone. Nenda zahanati sasa hivi. Waambie ulichoma nini."

Binamu yao mmoja akampeleka. Bi Zunilda akatoka kwenda kwenye ngazi. Akaigonga reli kwa nyundo. Lipu ikabanduka, matundu yakaonekana. Akagonga tena, bomba likakatika.

Leocadia akaokota kipande kilichokatika. Jumamosi mama angeegemea pale.

"Nifundishe mimi," alisema polepole, macho chini.

"Sema kwa sauti, binti. Mashine ina kelele."

"Nifundishe mimi!"

"Haya. Kwanza, angalia kipande hiki cha reli ya zamani, ile iliyong'oka. Ilioza kutoka ndani, kwa sababu maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Hii mpya tutaitoboa tundu dogo chini kabisa."

Walisogea uwanjani penye upepo. Walivaa glavu, miwani na barakoa za kuchuja moshi. Leocadia akasugua zinki pande zote mbili za kiungo, ndani na nje, mpaka chuma kitupu kikaonekana. Bi Zunilda akachomeka kipande cha bomba dogo ndani ya kiungo, ili moto upate chuma kinene zaidi. Kisha akapunguza nguvu ya mashine.

"Jaribu kwenye vipande vya kutupa kwanza. Ukuta wa bomba hili ni mwembamba kama wa kopo. Moto ukikaa mahali pamoja, unakula. Shusha kinga ya uso. Gusa, achia. Nenda upande wa pili. Gusa, achia. Acha pale pa kwanza papoe."

Kipande cha kwanza kilitoboka. Cha pili pia.

"Unaogopa, kwa hiyo unang'ang'ania," alisema Bi Zunilda. "Achia mapema."

Leocadia akaachia mapema. Nukta ikakaa, kisha nyingine kando yake, mpaka zikazunguka bomba lote. Kabla ya chakula cha mchana reli ilikuwa imefungwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Wakaigonga kwa nyundo. Haikutikisika.

Jumamosi watu walikuja. Nelsido alikuwa amepona, ila sauti bado ilikwaruza. Baada ya sala mama alishika reli akapanda, Leocadia nyuma yake. Alipofika pale alipoteleza mumewe, akasimama. Akaitikisa reli kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote. Haikucheza.

"Kazi hii iliwachukua muda gani?" aliuliza.

"Asubuhi moja, mama."

Mama akatazama chini, kwenye sakafu ya uwanja.

"Asubuhi moja tu," alisema.

Akafuta macho, akashika reli tena, akapanda kwenda kwa njiwa.