Sekunde Mbili za Njia Panda

Mume wa dada yangu ni fundi wa taa za barabarani, na nyumbani tumezoea kumwita Fundi Taa. Ni mtu wa sala, mpole, ila sifa humlevya, na hilo siku hizi analikiri mwenyewe. Kazi zake zilikuwa mbili: kupanga muda wa taa, na kila asubuhi kukagua picha za kamera ya njia panda kubwa, ile inayonasa magari yanayopita kwenye nyekundu. Kila gari hupigwa picha mbili. Ya kwanza tairi likigusa mstari, ya pili gari likiwa katikati.

Njia panda ile ilikuwa na sekunde mbili ambazo taa za pande zote nne huwa nyekundu, barabara ipumue kabla wengine hawajaruhusiwa. Fundi aliyemtangulia, marehemu sasa, aliandika kwenye daftari la kabati la mitambo ya taa, lililo kando ya njia panda: "Hizi mbili si za magari. Ziachwe." Foleni ilipozidi na bosi akaanza kufoka, Fundi Taa alizikata, akaziongeza kwenye kijani. Hakuandika popote. Foleni ikapungua, bosi akamsifu mbele ya watu, naye akavimba kichwa kama puto. Aliendelea kusali kila asubuhi. Hilo tu hakulitaja.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, jua limewaka, akafungua picha za teksi moja. Ya kwanza, njia panda tupu. Ya pili, nusu sekunde baadaye, bibi kizee amesimama katikati na kifurushi kichwani. Haitazami teksi. Anatazama taa.

Kesho yake walikuwa wanne. Keshokutwa kumi na mmoja, nyuso juu, kama watu wanaosubiri zamu yao.

Alimwita mama wa masjala, yule mcheshi, amwangalizie. Mama akavaa miwani, akasema si watu wanavuka tu, basi nao waandikiwe faini, mbona sisi tunaandikiwa. Fundi Taa akacheka naye. Ila pale hapavukwi kwa miguu. Pana uzio wa chuma pande zote, na watu hupita juu, darajani.

Nami nikiri langu. Aliponisimulia, nilimwambia apunguze kahawa.

Alijua la kufanya. Kurudisha sekunde zile ni kazi ya dakika tano. Lakini foleni ingerudi, bosi angeuliza, na ingejulikana kwamba ufundi uliosifiwa ulikuwa ni kukata usalama wa watu. Akajipa siku moja. Kisha nyingine. Na mkewe, dada yangu muuguzi, hupita njia ile kila aendapo kazini.

Ijumaa hawakuwa wanatazama taa tena. Walikuwa wanatazama kamera.

Jumatatu, picha mpya ikaingia yeye akiwa kitini. Gari la mkewe. Limesimama kwa adabu nyuma ya mstari, taa nyekundu. Na kamera ile haipigi gari lililosimama. Akafungua ya pili. Gari lilikuwa palepale. Katikati ya njia panda hapakuwa na mtu hata mmoja.

Wote walikuwa wamelizunguka gari. Mikono kwenye vitasa.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Kimya. Akaichapa ile picha, akaingia nayo kwa bosi bila hodi.

"Mkuu, nimekosa. Zile sekunde nilizikata mimi."

Bosi aliitazama picha ile. Hakufoka. Alinong'ona.

"Kazirudishe. Kimbia."

Akakimbia. Akafungua kabati, akazirudisha. Pande zote nne, nyekundu. Moja. Mbili. Upepo mwembamba ukakatiza barabara kutoka uzio hadi uzio. Honi zikanyamaza. Kisha kijani.

Simu ikaita. Dada yangu alitaka kujua kulikoni kupigiwa mfululizo namna ile, naye alikuwa kwenye usukani. Ameshafika kazini, mzima. Fundi Taa akaketi chini palepale kando ya kabati, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Ila gari hili, mume wangu," dada akasema, sauti imeshuka. "Tangu pale kwenye taa lilikuwa linalia. Ule mlio wa kwamba kuna mtu kiti cha nyuma hajafunga mkanda."

"Bado linalia?"

"Limenyamaza njiani. Nimesikia tu kifungo kimebana, ka! Sijageuka."

Picha za njia panda sasa ni tupu, na foleni imerudi. Fundi Taa alisimamishwa kazi mwezi mzima, hakulalamika. Gari limeshaenda gereji mara tatu, mafundi hawaoni hitilafu. Kila jioni dada yangu huufungua mkanda ule wa nyuma, hufunga milango, huondoka na funguo. Kila asubuhi huukuta umefungwa. Umevutwa ukakaza, kwa kipimo cha mwili mwembamba mno, na kiti kimebonyea, kina joto.