Mkono Uliovaa Saa ya Sita

Saa ya sita ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana fundi saa aliitoa kwenye droo chini ya meza yake, na kibanda chake kilikuwa katika ujia wa chini wa jengo ambamo jua halikuingia mwaka mzima. Lilikuwa joto la mwili. Sista hakuweza kulikosea. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amepokea watoto wachanga kwa viganja vyake.

"Ulikuwa umeivaa?" akamuuliza fundi.

"Nivae saa ya mteja?" Fundi alimwonyesha mikono yake mitupu. "Imelala humo tangu mwaka juzi. Mwenyewe aliileta nibadilishe kioo, hakurudi. Unaitaka au huitaki?"

Aliitaka. Alikuwa ameitafuta kwa miezi minane.

Sista alikuwa mkunga mstaafu, lakini hadi muuza mkaa wa chini ya ghorofa bado alimwita Sista. Mumewe alikuwa na miaka tisa kaburini. Binti yake wa pekee aliishi ng'ambo na mtoto wa miaka minne ambaye bibi yake alimjua kwa kioo cha simu tu, mara meno yaliyokatwa na ukingo wa picha, mara paji la uso peke yake. Siku alipokabidhi funguo za wodi ya uzazi wenzake walimvisha saa ya dhahabu nyembamba, wakapiga makofi, na kesho yake akaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akavaa ile saa, akakaa kitandani. Hakuwa na mahali pa kuwahi.

Ndipo zilipoanza saa. Alisoma kwenye simu jinsi watu wanavyopanga mkusanyiko wao: usirundike za aina moja, kila saa iwe na kazi yake, ili siku yoyote ikija iikute saa yake inaisubiri. Shauri hilo lilimkaa. Akachora mpango nyuma ya kalenda ya zamani, akanunua kisanduku cha vyumba sita chenye kitambaa cha mahameli ndani. Chumba cha kwanza, ile ya wodini yenye mshale mwekundu wa sekunde. Cha pili, ya dhahabu, ya harusini, ingawa hajaalikwa harusi tangu astaafu. Cha tatu, ya plastiki, ya jikoni na kudeki. Cha nne, ya safari, yenye mishale ya nchi mbili. Mmoja aliuweka kwenye saa za binti yake. Cha tano, ya maji, iliyoandikwa kwamba inahimili kuzama mita mia mbili. Sista mwenyewe hakuhimili kina cha beseni.

Cha sita kilibaki kitupu hadi alipoipata hii, ya kiume, nzito, ya chuma, inayojijaza yenyewe.

"Haina betri," fundi alimweleza akiifunga kwenye karatasi. "Inakula mwendo wa mkono. Ukiivaa, inaishi. Ukiiacha mezani siku mbili, inakufa."

Ilikuwa pana mno kwa mkono wake, hivyo hakuivaa. Aliiweka katika chumba cha sita Jumapili, akafunga kisanduku. Jumapili iliyofuata alifungua ili apanguse vumbi. Saa ya sita ilikuwa inatembea. Aliilinganisha na simu. Haikuwa imepoteza hata dakika.

Alisema moyoni kwamba fundi hajui kazi yake. Lakini siku chache baadaye aliona tundu kwenye mkanda wa ngozi wa saa ya safari. Yeye alifungia tundu la tatu. Tundu la sita, la mwisho kabisa, lilikuwa limevutika na kuwa refu, na ngozi pale ilikuwa na mkunjo mpya, kama inavyokuwa mkanda ukifungwa kila siku kwenye mkono mnene. Akaunusa. Ulinuka marashi, na chini ya marashi harufu ya chuma kilicholowa, ile aliyoizoea wodini ambayo haina jina zuri.

Mtu mwingine angekimbilia kwa majirani. Sista aliketi jikoni, akanywa chai, akafikiri. Alikuwa amekaa miaka tisa katika nyumba hii bila kusikia mlango usiofunguliwa na yeye. Alishangaa kujikuta haogopi sana.

Mvua ilinyesha siku hiyo mchana kutwa. Alasiri, akiwa anakunja nguo sebuleni, alisikia kisanduku kikifunguka chumbani, kisha ukimya, ule wa mtu anayechagua. Akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Leo vaa ya maji."

Akasikia mkanda ukifungwa. Klik.

Jioni aliikuta saa ya maji imerudishwa mahali pake, imelowa, na matone yalikuwa yametoka mlangoni hadi kwenye kisanduku.

Basi wakazoeana. Asubuhi alikuwa akimwambia hali ya hewa na kumchagulia saa, na jioni alikuwa akitazama ipi imetumika. Siku moja ya dhahabu ilirudi na punje ya mchele kwenye kioo, akacheka peke yake hadi akashika mbavu, maana angalau saa hiyo sasa imeona harusi. Alianza kupika vipimo vya watu wawili. Chakula hakikupungua, lakini kilipoa haraka kuliko desturi. Na alilala vizuri. Ukweli ni huo: miezi miwili ile Sista alilala kama mtoto.

Kisha Mama Cherehani, mshonaji wa mlango wa pili, akamsimamisha ngazini.

"Sista, hongera. Hukutuambia."

"Hongera ya nini?"

"Ya shemeji. Yule mrefu." Mama Cherehani alishusha sauti. "Anainama mlangoni anapotoka. Jana nimemsalimu, ameitikia." Akajisugua mkono. "Tena usinichukie, dada yangu. Ameitikia kwa sauti yako."

Sista alisema ni mgeni, akaingia ndani. Mle ndani kulikuwa na sahani mbili mezani, na yeye ndiye aliyeziweka.

Jumapili binti hakupiga simu. Jumapili ya pili pia. Sista akapiga mwenyewe, na binti alipopokea hakusema shikamoo.

"Mama, leo unanikumbuka?"

"Mwanangu, maneno gani hayo?"

"Nilikwambia tumepata likizo, tunakuja na mtoto mwezi ujao. Ukaniambia nisije. Nikapiga tena, ukaniambia nyumba imejaa." Sauti yake ilikatika. "Alhamisi umeniambia huna mtoto. Mama, unaumwa? Niambie kama unaumwa."

Sista hakuwa amezungumza naye siku yoyote kati ya hizo. Alitaka kusema hivyo, lakini laini ya simu ilikuwa imeanza kukwaruza, na katikati ya mikwaruzo mtu alikuwa anapumua, taratibu, karibu sana na sikio lake.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, aliacha simu yake juu ya meza, akafunga mlango kwa funguo mara mbili, akagonga kwa Mama Cherehani akaazima yake. Alisimama ukumbini, jua likiingia kwa dirisha la ngazi na mkaa ukipimwa chini, asubuhi isiyo na kitu cha kumtisha mtu, akabonyeza namba yake mwenyewe. Aliisikia simu ikilia ndani ya nyumba yake, kwenye meza alipoiacha, mlio mmoja, mlio wa pili, na akawa anaomba kimoyomoyo iendelee kulia hivyo hadi ichoke ikatike yenyewe, lakini kabla ya mlio wa nne alisikia kiti kikiburuzwa sakafuni, na hatua nzito zisizo na haraka zikivuka sebule, hatua za mwenye nyumba, na mlio ukakoma, na ndani ya sikio lake, na nyuma ya ule mlango aliokuwa ameufunga kwa mkono wake, kwa pamoja, sauti yake mwenyewe ikasema:

"Haloo. Nani mwenzangu?"

Sista akaishusha simu sikioni.

"Huyu hana mtu mwingine," sauti yake ikasema kwa upole. "Ana mimi."

Mama Cherehani ndiye aliyemchukulia simu mkononi.

Fundi saa alipomwona akija, kichwa chini, alijua. Alizima taa yake ndogo na kuvua kioo cha jichoni.

"Habari ya kioo nilikudanganya. Aliyeileta alikuwa mama mmoja," alisema. "Aliniomba nisimuuzie mtu anayeishi peke yake. Nami sikukuuliza, Sista. Nilitaka tu itoke kwenye droo yangu. Ilikuwa inagonga." Akamwandikia mahali pa kumpata mtabibu wa mambo hayo.

Mtabibu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa. Alifika kesho yake asubuhi na mkoba wa plastiki, akafukiza ubani kila pembe, akasoma alichosoma kwa sauti ya chini, kisha akaketi mbele ya kisanduku na kutikisa kichwa.

"Hatikisiki. Ulimwambia nini siku ya kwanza?"

Sista alitazama sakafu. "Nilimwambia avae ya maji."

"Ukampikia?"

"Nilimpikia."

"Basi huyu hakuvamia, dada. Ni mgeni wako, na mgeni wa mtu sina ubavu wa kumfukuza mimi. Mwambie mwenyewe. Na umwambie huku unamaanisha, maana atajua."

Sista akafungua kisanduku. Saa zote sita zilikuwa zinagonga, kila moja kwa mdundo wake. Kisha, moja baada ya nyingine, zikajipanga zikagonga pamoja, na mgongo wake ukahisi kifua cha mtu nyuma yake, na joto, na yale marashi.

"Ondoka," alisema. Ilitoka kama kuomba.

Jibu lilikuja kwa sauti ya mumewe, ikiwa na kile kikohozi chake cha mwisho wa maneno. "Na nani atakayejua siku usipoamka?"

Mtabibu alimtazama, hakumsaidia. Swali lile Sista alikuwa amejiuliza mwenyewe, kwa maneno yaleyale, kila alfajiri kwa miaka tisa, na hakuwahi kulipatia jibu. Alijua kwamba akimtoa huyu atabaki na kitanda chake na kalenda yake na mlango usiofunguliwa na mtu, na alijua pia kwamba ng'ambo kuna mtoto wa miaka minne ambaye ameambiwa bibi yake hamtaki. Akavuta pumzi. Akatoa ile sauti ya wodini, aliyokuwa akiitoa pale mama amechoka na mtoto hawezi kungoja, sauti ambayo hata madaktari walikuwa wakiitii.

"Hii ni nyumba yangu. Saa ni zangu. Mtoto ni wangu. Nimekuchoka. Toka."

Kila kitu kikanyamaza. Joto likabanduka mgongoni mwake. Hatua zikavuka sebule, zikasimama mlangoni muda mrefu kama mtu anayesubiri kuitwa tena, na Sista akauma midomo. Kisha mlango ukafunguka, hatua zikaanza kushuka. Mama Cherehani alikuwa akipanda na ndoo ya maji. Walimwona anajibana ukutani, anainua macho juu, juu zaidi, akimpisha mtu.

Saa ya sita ilikuwa imesimama, baridi kama kijiko. Mtabibu aliifunga kwenye kitambaa akaondoka nayo, na hakusema anaipeleka wapi.

Binti alikuja. Ilichukua simu nyingi na machozi, na Mama Cherehani alilazimika kuja kwenye simu kushuhudia, lakini alikuja, akakaa wiki tatu. Mtoto alikuwa na miguu ya babu yake. Alivunja saa ya plastiki siku ya kwanza na hakuna aliyemkaripia. Nyumba ilijaa taulo, makombo na kelele, na Sista alikuwa akiamka usingizini ili tu asikie watu wengine wawili wakipumua.

Siku walipoondoka aliwasindikiza uwanja wa ndege, akarudi kwa teksi. Alifua mashuka yao, akafagia, akapika. Alipofunua sufuria aliona kwamba amepika kipimo cha mtu mmoja, sawasawa, bila kukosea. Akapakua. Akakaa mezani, kijiko mkononi, na kwa muda mrefu hakula, alikuwa anasikiliza. Bomba lilidondosha tone. Chini mtu alicheka. Alisikiliza chumbani, akasikiliza mlangoni, akasikiliza ngazini, hadi wali ukaganda na dirisha likaingia kiza.

Hakukuja mtu. Mtabibu alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

Sista akaweka kijiko chini, akafunika uso kwa viganja, akalia, na hata Mama Cherehani, aliyekuja kugonga kwa kusikia kilio, hakuambiwa ni nani aliyekuwa akililiwa.