Kitufe cha Blokaji

IJUMAA, SAA NANE MCHANA

Mzee Godefroid alichora ramani mezani kwa bia iliyomwagika. Kidole chake kilivuta mstari mmoja: barabara ya Kasumbalesa. Kikakata kushoto, njia ya machimbo. Kisha kikapitiliza mpaka ukingo wa meza.

"Hapa njo tunabakamatia," alisema. "Kila samedi motokari ya ba-acheteur inaleta franga za bachimbaji. Chauffeur mumoja, polisi mumoja, kwisha. Kisha hapana kurudia ku barabara ya goudron. Barrière ya polisi iko fasi yote. Tunapita mu dembo, tunatokea ku njia ya Sakania."

Chumba cha nyuma cha baa moja ya mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, hakikuwa na dirisha. Watu wanne, feni moja iliyokufa, harufu ya kreti tupu.

"Mu dembo, na hii mvua yote?" Yassine aliuliza. Huyu alikuwa mwana wa wafanyabiashara wa Maniema. Aliacha duka la vitenge la baba yake, akashika bunduki, na bunduki ikamkaa vizuri kuliko futi ya kupimia.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Dembo ni bonde la udongo mweusi. Kiangazi unalivuka kwa baiskeli ukipiga mluzi. Wakati wa mvua linameza lori na mzigo wake.

"Fundi atatupitisha," Godefroid alisema. Macho yote yakamgeukia Mwila.

Mwila hakuwa jambazi. Alikuwa fundi wa magari, mume wa Deborah, na aliyemleta pale ni Nono, mdogo wake Deborah, ndugu pekee aliyembakia mkewe duniani. Walihitaji mtu wa kuliandaa gari lao la kutorokea, Land Cruiser. Kuukuu, limetoka Zambia, injini nzima. Lilivuta kwa magurudumu yote manne muda wote, lakini lilikuwa na ugonjwa wake: gurudumu moja likiteleza, nguvu yote ya injini humkimbilia huyo huyo mvivu, na wenzake watatu wanakaa kutazama. Dawa yake ni kufuli ya difu ya katikati, ambayo mafundi wa Lubumbashi huiita blokaji. Ukiifunga, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka pamoja. Kufuli ilikuwamo chini ya gari toka kiwandani, ila ilijifunga tu ukiingiza gia nzito, na kwa gia nzito hakuna anayekimbia polisi. Kazi ya Mwila ilikuwa kuweka kitufe kwenye dashibodi, ili dereva aifunge akiwa mbioni.

"Beau yangu akitengeneza kintu, kimetengenezwa," Nono alisema, akampiga shemeji yake begani. "Miye naweza kulala mu ile motokari na macho ya kufunga."

Wakatoka uani. Godefroid aliketi kwenye usukani, akabonyeza kitufe. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka. Hakuijali.

"Taa inadanganyaka," alisema.

Alikuwa dereva wa mgodi miaka mingi kabla ya kugeukia ujambazi, naye alijua kipimo cha kweli. Alikata usukani mpaka mwisho, akazungusha gari juu ya saruji kavu. Penye ardhi ngumu, gari lililofungwa blokaji halitaki kona. Land Cruiser likashtuka, likagoma, tairi zikalia. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Imekamata. Fundi, uko muntu."

Walipoingia ndani kunywa, Mwila alisema anakaza bolti. Akalala chini ya gari. Akachomoa plagi ya waya unaokwenda kwenye mota ya kufuli. Kisha akafungua dashibodi, akaiunga taa na kitufe moja kwa moja. Sasa ukibonyeza, taa itawaka, na chini hakuna kitakachojifunga. Hata gia nzito isingeiamsha. Alijichukia.

Siku nne nyuma, kapteni mmoja wa polisi alimkuta gereji na vipuri vya wizi. Hakumfunga. Alivuta kiti, akaketi.

"Ba Godefroid tunabajua bote. Kazi yabo ya kesho ao ya kesho-kutwa, tutabaua bote. Shemeki yako pia. Weye njo unaweza kumuokoa. Tunataka ile motokari isimame fasi tunataka shiye."

Mwila alifikiri juu ya Deborah, akakubali. Jioni ya Ijumaa hiyo alimpelekea kila kitu: njia, siku, bonde. Kapteni alimwambia dereva atapigwa wa kwanza, ili gari lisiponyoke. Mwila akajibu kwamba dereva ni Godefroid, siku zote. Nono hukaa nyuma, amevaa koti la mvua la manjano. Huyo asiguswe.

"Koti ya jaune," kapteni alisema. "Nimesikia."

JUMAMOSI, SAA MBILI ASUBUHI

Mvua ilinyesha toka alfajiri. Godefroid alikusanya simu zote kwenye mfuko, akamwachia mwenye baa. Kisha akasimama kando ya Land Cruiser na kugawa viti.

"Yassine, mbele. Miye na fundi, nyuma. Nono, kamata volant."

Mwila aliutazama usukani, kiti kile cha kupigwa kwanza.

"Miye, vieux?" Nono alifurahi kama aliyeposewa mke.

"Weye. Mara mbili mumeniona na volant, basi munajua ni yangu. Bantu banauzaka chef sababu banajua fasi anakaa. Kwangu, siti inagawanywa ku mulango. Njo maana ningali muzima."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mzee, na hakuna aliyewahi kumwambia Mwila. Hata Nono hakuijua.

"Vieux," Mwila alisema, "ile motokari miye njo ninaijua. Acha niendeshe miye."

"Hapana."

"Basi acha niangalie chini kidogo."

"Uliangalia jana." Godefroid alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza. "Fundi anaogopa kazi yake?"

Yassine alihamisha bunduki kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwila akapanda nyuma.

"Usiogope, beau," Nono alicheka. "Nitaipeleka pole pole sawa bibi-arusi."

"Lete ile koti," Godefroid alimwambia. "Mu volant hautalowana. Kioo ya nyuma haifunge, mvua itanipiga."

Nono akavua koti la manjano. Mzee akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

SAA NNE NA NUSU

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi mno. Pick-up ya wanunuzi wa madini ilipunguza mwendo kwenye kona ya njia ya machimbo. Nono akaiziba njia. Yassine akapiga risasi moja hewani, na polisi wa ulinzi akatupa silaha yake matopeni. Godefroid na Yassine wakashuka kuhamisha magunia ya franga.

Mwila na Nono wakabaki peke yao garini. Wipa zinakwenda, injini inanguruma.

"Nono. Shuka. Kimbia mu pori."

"Beau, nini?"

"Kimbia tu! Juu ya dada yako, kimbia!"

Nono aligeuka, akamtazama kwa huruma. "Ni woga. Mara ya kwanza iko vile. Miye pia nilitapika. Ngoja, tutavuka, utaona."

Neno moja tu lilitosha: nimewauza. Mwila alilivuta mpaka kooni. Aliona uso wa kijana, ule ule wa Deborah, paji lile lile, na aibu ikalirudisha neno tumboni. Akashika mlango badala yake. Chini ya gari, mara moja, plagi irudi mahali pake. Mguu wake ulikuwa tayari nje pale gunia la kwanza lilipotua nyuma.

"Unaenda wapi?" Godefroid aliuliza.

"Kukojoa."

"Kojoa mu suruali. Ingia!"

SAA TANO KASOROBO

Dembo lilionekana jepesi kwa juu, majani ya kijani tu. Nono aliliingia kwa kasi. Katikati, nyuma ya gari ikazama upande wa kushoto. Akabonyeza kitufe. Taa ya chungwa ikawaka.

"Imekamata!" alipiga kelele.

Akakanyaga mafuta. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka kama kichaa, likirusha matope mpaka juu ya paa. Mengine matatu yalitulia. Gari halikusogea hata shibiri moja.

"Tia ile nzito!" Godefroid alifoka.

Nono akaingiza gia nzito. Gurudumu lile lile likazunguka, polepole zaidi. Ng'ambo ya bonde, majani yakatikisika. Kofia. Mitutu.

"Bapolisi!" Yassine alifungua mlango, akarukia kwenye maji. "Shukeni! Nono, acha!"

"Itatoka! Beau njo alitengeneza! Taa iko, si munaona taa iko?"

"Nono, lala chini!" Mwila alilia. "Haikamate! Niliitoa! Ni miye niliitoa!"

Hatimaye neno lilitoka, lakini injini ilikuwa juu kabisa na Nono hakusikia. Alikuwa ameinamia usukani, anarudisha nyuma, anapeleka mbele, akilisihi gari kama mtu anayemwamsha ndugu yake. Kioo cha mbele kikapasuka. Nono alilala juu ya honi, nayo ikalia, ikalia, hakuna wa kuizima.

Yassine hakufika mbali. Walimwangusha majini, na bunduki yake haikuwa imelia tena.

Godefroid alishuka taratibu, mikono juu. Mitutu ilimfuata, kisha ikashuka. Askari mmoja alimshika bega kwa upole, akamwongoza mpaka pakavu, akamketisha chini ya turubai. Koti la manjano halikuwa na hata tone la damu. Mzee aliwatazama askari, akalitazama koti, akamtazama Mwila. Akaelewa yote. Akatema mate.

Kapteni alikuja akiwa amepandisha suruali magotini.

"Uliniambia chauffeur ni muzee."

Mwila alikuwa amemkumbatia Nono, anajaribu kumfunga macho kwa vidole vyenye grisi. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini haya yalikuja mapema, kijana angali na joto.

"Bon. Imekwisha," kapteni alisema. Magunia yalikuwa yakihamia kwenye gari lake mwenyewe, na askari wake walitazama pembeni. "Hii motokari haiwezi kubakia hapa. Weye uliiharibu, weye uitoshe mu matope."

Walimlaza Nono kwenye kiti cha nyuma. Mwila alijiingiza chini ya gari kwa tumbo, matope mpaka mdomoni. Alipapasa gizani, akaipata plagi, akaisukuma mpaka ikalia tik. Alirudi kwenye usukani, akakalia damu ya shemeji yake. Akabonyeza kitufe, akakanyaga mafuta kidogo tu.

Ekseli ya mbele na ya nyuma zikashika pamoja. Land Cruiser likapanda kutoka matopeni mara ya kwanza, bila kuteleza, mpaka juu penye ardhi ngumu.

"Fundi ni fundi!" askari mmoja alisema, akapiga makofi.

Mwila alizima injini. Aliweka kichwa juu ya usukani, akalia kwa sauti, mpaka kapteni akamgongea kioo na kumwambia asogeze gari, linaziba njia.