Mbegu Zilizojeruhiwa

Risasi ilipasua kioo cha mbele cha Land Rover.

Nyamizi hakupunguza mwendo. Alikaza usukani kwa mkono mmoja, akatoa bastola yake ya Browning dirishani na kulenga tairi la nyuma la lori la Isuzu lililokuwa likikimbilia Nkololo.

Akapiga.

Lori liliyumba, likaacha barabara na kutitia kwenye shamba lililolimwa.

Lilibeba mbegu za pamba. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, na kampuni ya Vos, mgeni aliyeketi kando ya dereva, ilikuwa ikizigawa bure. Nyamizi, afisa wa usalama, alikuwa amechota konzi moja kwa siri, akampelekea Dokta Kwandu, mtaalamu wa mimea. Kwandu aliziotesha, akazitazama ncha za mizizi kwa hadubini. Kromosomu, nyuzi zibebazo urithi wa mmea, zilikuwa zimekatika. Vipande vingine vimeungana ovyo, vingine vimepotea: alama ya kupigwa mionzi. Mbegu zingechipua, zidumae, zife. Kisha wakulima wangelazimika kununua nyingine kwa Vos.

Vos alitupa bastola chini, akashuka mikono juu. Nyamizi alipotaja mionzi, alimtaka ayapime magunia. Nyamizi akapitisha kipimo cha mionzi.

Kimya.

"Unaona? Safi," Vos alisema.

"Mionzi ilishapita. Jeraha ndilo limebaki ndani ya mbegu."

Akamgeukia dereva, Bundala, akamweleza yote, kisha akamuuliza kwao ni wapi. Nkololo. Baba yake alikuwa akizisubiri mbegu hizo hizo.

Bundala alimkazia Vos macho.

"Mayu, mama yangu, kuna chumba nyuma ya ghala, Bariadi. Mlango wake mzito, wa madini ya risasi. Kila gunia lilipitishwa mle, sisi tukifukuzwa nje."

Nyamizi alimwita Inspekta Sylvester kwa redio, akamwagiza avunje mlango.

Baadaye redio ikakoroma; alikuwa Sylvester. "Mtambo wa mionzi tumeupata. Kipimo kinalia mfululizo."

Kisha ikaingia sauti ya mkuu wake, Dar es Salaam. "Mwachie Vos. Ni mwekezaji."

"Nimekusikia, mkuu. Simwachii."

"Hiyo ni amri."

"Basi njoo uwasomee watu wa Nkololo."

Akazima redio.

Wakulima walikuwa wamekwisha kulizunguka lori. Alimfunga Vos pingu mbele yao, akawaeleza kwa Kisukuma kilichomo maguniani. Polisi walipofika aliwakabidhi Vos na gunia moja la ushahidi. Mengine yalimwagiwa dizeli. Bundala mwenyewe aliwasha kiberiti.

Nyamizi akavaa miwani ya jua, akaingia garini na kushika njia ya Dar es Salaam, kwenda kumjibu mkuu wake ana kwa ana.